Unaishi Mlandizi, kazi Posta: gari gani dogo la mkononi litakuvumilia?

Barua nyingi za karibuni zinauliza jambo moja kwa namna tofauti. Watu wamejenga Kibaha, Mlandizi, Kerege na Mkuranga, kazi zimebaki Posta, Kariakoo na Masaki, na daladala zimewachosha. Wanataka gari dogo la mkononi litakalokwenda na kurudi kila siku bila kuwaacha njiani. Tumechagua barua nane.

*

Mhariri, habari za kazi. Nimejenga Mlandizi na ofisi yetu iko Posta. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 120, siku tano kwa wiki. Nimepata Passo ya cc 1,000 kwa bei nzuri, lakini shemeji ananisisitiza niongeze hela nichukue IST. Asubuhi nabeba mke wangu na majirani wawili. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Mlandizi*

Kwa safari yako ndugu, shemeji ana hoja. Tuanze na hesabu. Kilomita 120 kwa siku 22 za kazi ni 2,640 kwa mwezi, na kwa mwaka unavuka 31,000. Anayeishi Sinza na kufanya kazi Mwenge huenda asizifikishe hizo kwa miaka mitatu. Udhaifu wowote ambao kwake ungejificha muda mrefu, kwako utajitokeza ndani ya miezi michache.

Passo ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2010, ina injini ya 1KR-FE yenye pistoni tatu na nguvu za farasi 70 hivi. Kwa mizunguko ya mjini inatosha kabisa, na ni injini nzuri. Shida ni mzigo wako. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara ni pana, unaweza kukaa kushoto na mwendo wako. Ukishapita Kibaha mnabanana na malori yanayokwenda Zambia na Kongo, na kuna sehemu lazima uovateki gari likija mbele yako. Ukiwa na watu wanne na AC imewashwa, 1KR inakulazimisha kukanyaga mpaka chini, gia inashuka, injini inapiga kelele, na gari linaongeza mwendo polepole. Muda unaokaa upande usio wako unarefuka. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuongeza hela, na ina uzito kuliko mafuta.

Hata hivyo, usiambiwe kwamba tofauti ya mafuta ni ndogo. Passo nzima, kwa mwendo wa 80 hadi 90, hufika kilomita 17 kwa lita au zaidi. IST ya cc 1,500, ukijumlisha foleni ya Kimara hadi Magomeni, tegemea 13 hadi 14. Kwa kilomita zako ni lita 155 dhidi ya 189 kwa mwezi. Tukichukua lita moja kwa Sh 3,000 kwa ajili ya hesabu tu, utalipa kama Sh 100,000 zaidi kila mwezi. Wagawie majirani sehemu yake. Ni halali yao kuchangia.

Ukienda kwa IST, tazama namba ya chasisi kabla ya rangi. Inayoanza na NCP60 ni cc 1,300, na NCP61 ni cc 1,500 yenye injini ya 1NZ-FE. Kwa safari yako chukua NCP61. Injini hiyohiyo imo kwenye Runx na Allex za NZE121, Premio na Allion za NZT240, Axio za NZE141, Probox na Succeed za NCP51. Haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na spea zake Gerezani na Ilala zimejaa tele, za zamani na mpya. Wengi hawazifikirii Allion au Premio za cc 1,500 kwa sababu wanatafuta "gari dogo", ilhali injini ni hiyohiyo, zimetulia zaidi barabarani, na pembeni mwa basi linalopita kasi haziyumbi kama IST iliyo ndefu kwenda juu. Ukipata Allion safi kwa bei ya IST iliyochoka, usiwaze mara mbili.

Mbili za kuepuka. Ya kwanza ni zenye 1ZZ-FE ya cc 1,800 za miaka ya kabla ya 2005: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba, na injini inaanza kula oili. Ya pili ni zenye maandishi ya D-4 kwenye kifuniko cha injini, kama Premio ya cc 2,000 ya AZT240. Mfumo wake wa kupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda unajenga masizi na hauvumilii mafuta machafu.

Vyovyote utakavyochagua, usimalize pesa zote kwenye bei. Weka kando angalau asilimia 15 kwa matairi, oili zote, filta, breki na miguu ya mbele. Gari la mkononi ambalo halitahitaji hata kimoja katika hivyo mwezi wa kwanza ni nadra mno.

*

Dada yenu nipo Bagamoyo, nafanya kazi Mikocheni. Dalali ananiuzia Vitz ya 2008, anasema imetembea kilomita 68,000 na "ni kutia funguo tu". Gari silijui hata kidogo. Nikienda kuliona niangalie nini mwenyewe kabla sijalipa fundi wa kulikagua?
*Msomaji, Bagamoyo*

Dada, mengi yanaonekana kwa macho na mikono, hayahitaji ufundi. Mpigie dalali jioni, mwambie utafika asubuhi na gari lisiwashwe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni la moto, limewashwa kukuficha jinsi linavyowaka likiwa baridi. Ahirisha, rudi siku nyingine.

Likiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Ndani unatakiwa uone kulanti ya pinki, nyekundu au kijani, safi, imejaa mpaka mdomoni. Ukikuta maji ya rangi ya kutu, gari limekuwa likijazwa maji ya bomba au ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Njia za maji ndani ya injini zimeanza kuliwa. Fungua mfuniko wa oili. Utando mzito kama maziwa ya mgando chini yake ni dalili kwamba maji huenda yanakutana na oili, na hapo kunaweza kuwa na gasketi ya silinda hedi iliyokwisha. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, mwenye gari hajali au injini inakula.

Sasa ingia ndani, zungusha funguo hatua moja kabla ya kuwasha. Taa za dashibodi zote ziwake: ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS, ya eabegi. Taa ya eabegi iwake, ikae sekunde kadhaa, izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameondoa balbu au kukata waya ili kuficha tatizo. Ikizima sambamba na taa ya oili mara injini inapowaka, imeunganishwa kwa ujanja na taa nyingine. Gari hilo huenda liligongwa, mifuko ikafumuka, na haikurudishwa.

Washa. Sikiliza sekunde mbili za mwanzo: mlio wa cheni inayogonga ukaendelea ni injini iliyokosa oili safi miaka mingi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Kisha tazama taa ndogo ya bluu kwenye dashibodi. Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu kwa injini baridi na nyekundu kwa injini iliyochemka. Katika hali ya hewa ya huku ya bluu inatakiwa izime ndani ya dakika chache. Ikikaa muda mrefu, au ikazima kwenye foleni halafu ikawaka tena ukikimbia, themostati imetolewa. Jibu la barua inayofuata linaeleza kwa nini hilo si jambo dogo.

Kuhusu zile kilomita 68,000, omba kadi ya gari usome tarehe ya usajili hapa nchini. Gari la 2008 lililosajiliwa 2016 lilikaa Japani miaka minane. Huko gari dogo la kawaida hutembea kilomita 8,000 hadi 10,000 kwa mwaka. Lilifika hapa na zaidi ya 60,000. Miaka yote tangu hapo haliwezi kuwa limetembea elfu chache tu. Odometa inarudishwa nyuma kwa dakika chache, vitu vingine havirudishwi: raba ya pedeli ya breki iliyolika upande wa kulia, usukani unaong'aa sehemu ya kushikia, ukingo wa siti ya dereva uliobonyea. Fungua mlango wa dereva ukague nguzo yake, kisha tazama chini ya boneti. Gereji za Kijapani hubandika vikaratasi vya kubadilisha oili vyenye tarehe na kilomita. Kikaratasi kinachosema 94,000 kwenye gari la "68,000" kinamaliza mazungumzo.

Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa. Sehemu inayokaa ndani siku zote haioshwi na mtu. Ukiona mstari wa tope au harufu ya uvundo, gari liliingia maji. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, angalia shimo lake kama lina mchanga au kutu. Tazama na boliti za boneti na za madigadi: zikiwa na mikwaruzo ya spana huku rangi ya boliti nyingine ni nzima, zilishafunguliwa.

Halafu endesha, na usikubali kuzungushwa mtaani. Wewe gari lako ni la barabara ya Bagamoyo, lipeleke huko, nusu saa, na sehemu inayoruhusu ufike 90. Usukani ukitetema kati ya 80 na 100, ni balansi au rimu zilizopinda, gharama ndogo. Ukitetema unapokanyaga breki tu, ni diski za mbele. Mvumo unaoongezeka na mwendo, na kubadilika ukipinda kidogo kushoto au kulia, ni beringi ya gurudumu. Kwenye matuta sikiliza mgongano mdogo wa chuma: linki za stebilaiza au bojointi. Simama, kata usukani mpaka mwisho, ondoka taratibu. Mlio wa tak-tak-tak ni jointi ya ekseli. Toa gia kwenye N uweke D, kisha R. Ikichelewa zaidi ya sekunde moja na nusu au ikiingia kwa kishindo, giaboksi imeshaanza safari yake ya mwisho, na hiyo ndiyo gharama itakayokuumiza kuliko zote.

Ukirudi, acha injini ikiunguruma dakika kumi na AC imewashwa. Feni iingie na kutoka yenyewe. Kisha chungulia chini kama kuna tone.

Jambo moja la mwisho ambalo madalali hawalitaji. Vitz, Corolla na Honda Fit nyingi za miaka hiyo ni miongoni mwa magari yaliyoitwa kurudi viwandani kwa sababu ya eabegi za kampuni ya Takata. Baruti yake huharibika kwa joto na unyevunyevu wa muda mrefu, na ikilipuka inaweza kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Hali ya hewa ya pwani ndiyo inayoiharibu. Tovuti ya Toyota Japani ina sehemu ya kuingiza namba ya chasisi na kuona kama gari hilo limo na kama lilishatengenezwa. Mwombe kijana yeyote mwenye simu akusaidie, programu ya tafsiri inatosha.

Ukishapita hapo, lipa fundi wako mwenyewe, asiyefahamiana na dalali, alinyanyue gari na alipime kwa mashine.

*

Fundi alitoa themostati kwenye IST yangu akasema Dar ni joto, haina kazi. Kweli haijachemsha tena, ila mafuta inakunywa kupita kiasi. Natoka Mkuranga kila siku. Vinahusiana?
*Msomaji, Mkuranga*

Vinahusiana moja kwa moja, na hili ni kosa la gereji linalotuumiza roho kwa jinsi lilivyoenea.

Themostati ni mlango. Kwenye injini za IST, yaani 1NZ-FE ya cc 1,500 na 2NZ-FE ya cc 1,300, unaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 hadi 84. Chini ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto upesi. Ukiutoa, maji yanapita kwenye rejeta muda wote. Kwenye foleni ya Mbagala hutaona tofauti, lakini ukikimbia barabara ya Kilwa upepo unaipoza injini mpaka 60 au 65. Kompyuta inasoma kwamba injini ni baridi, inaongeza petroli. Giaboksi nayo inachelewa kuingiza gia ya juu na inachelewa kufunga kibadilisha nguvu chake (torque converter), kwa hiyo injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Petroli isiyoungua vizuri inateremka kwenye oili na kuipunguza uzito. Unalipa mara mbili, kwenye pampu leo na kwenye injini baadaye.

Kilichokuwa kinachemsha gari hakijaguswa. Tafuta kwa mpangilio huu: kulanti inavuja wapi, feni inaingia au la, mfuniko wa rejeta unashika presha au raba yake imekwisha, mapezi ya rejeta yameziba kwa vumbi na wadudu, pampu ya maji, mwisho kabisa gasketi ya hedi.

Nunua themostati halisi, si ya bei ya kutupa. Ifungwe na raba yake mpya, kile kipini kidogo cha kutolea hewa kikielekea juu. Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, yale ya betri yasiyo na tindikali. Washa injini mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto la mwisho, mpaka feni iingie mara mbili na mapovu yakome, ukiongeza kulanti inaposhuka. Hewa ikibaki ndani, gari litachemsha na fundi atailaumu themostati.

*

Naogopa gia za CVT, kila fundi anasema ni mbovu. Lakini Axio na Premio mpya-mpya zote ni CVT. Nikimbie?
*Msomaji, Kibaha*

Usikimbie. Kwa safari ndefu ya mwendo mmoja CVT, yaani giaboksi isiyo na hatua za gia, ni nzuri kuliko gia nne za zamani, kwa sababu kwenye 90 injini inazunguka polepole na mafuta yanaenda mbali. Nyingi zilizokufa hapa ziliuawa na oili. Fundi anaweka ile nyekundu ya giaboksi ya kawaida, T-IV au Dexron, kwa kuwa ndiyo aliyonayo. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaoshikwa na puli mbili kwa msuguano, na oili yake imetengenezwa kuruhusu mshiko huo. Oili ya kawaida inaacha mkanda uteleze, chuma kinasagika, unga wa chuma unaziba vali.

Za Toyota za miaka ya mwanzo hutumia CVT Fluid TC, za baadaye FE. Soma kitabu au kibandiko, wala usichanganye. Badilisha kila kilomita 40,000; kwa mwendo kama wa msomaji wetu wa Mlandizi ni takriban kila mwaka na robo. Imwagwe yenyewe kwa chini, isisukumwe kwa mashine ya presha. Kilichotoka kipimwe kwenye chombo chenye alama, na kiasi hichohicho kirudi. Nyingi hazina kijiti cha kupimia, ndiyo maana kukadiria kwa macho kunaharibu.

Unapojaribu gari, ondoka taratibu kwenye kilima kidogo. Likitetemeka kama linataka kuzimika, au likilia mlio mwembamba unaopanda na mwendo, liache.

*

Nikifunga mfumo wa gesi asilia kwenye IST itanilipa? Natembea kilomita 110 kwa siku, Kibaha hadi uwanja wa ndege.
*Msomaji, Kibaha*

Wewe ndiye mtu ambaye gesi inamfaa, kwa sababu ya wingi wa kilomita. Ila jua unachokinunua. Mtungi wa lita 60 ukijazwa kwa presha ya bar 200 unabeba kilo 10 hadi 11. Kilo moja ina nishati inayokaribia lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo tegemea kilomita 18 hadi 20 kwa kilo. Mtungi mmoja ni kama kilomita 200. Utajaza karibu kila baada ya siku moja na nusu, na vituo vingi viko mjini, vyenye foleni. Wewe unapita Ubungo na Tazara, kwa hiyo vipo njiani mwako. Aliyeko Bagamoyo au Mkuranga afikirie kwanza kituo kiko wapi.

Mtungi wa chuma una kilo 60 hivi na unameza buti. Springi za nyuma zikiwa zimechoka, gari litakaa kwa nyuma na taa zako zitawaumiza macho wanaokuja mbele. Nguvu inapungua kidogo, utaihisi kwenye kuovateki. Plagi ziwe nzima na zifungwe kwa mwanya mdogo kuliko wa petroli, maana gesi ni ngumu kuwaka. Usiache tenki likauke: gari linawashwa kwa petroli, na pampu iliyomo ndani ya tenki inapozwa na petroli hiyo. Robo tenki ibaki siku zote.

Funga kwenye karakana inayotambulika, kama ile ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, upate cheti. Ukinunua gari lenye gesi tayari, soma tarehe iliyogongwa kwenye shingo ya mtungi na udai cheti chake. Na usifunge gesi kwenye injini inayochemsha au inayokula oili, tengeneza kwanza.

*

Toyota Aqua je? Wanasema haili mafuta kabisa.
*Msomaji, Kimara*

Kwa Kimara hadi Posta, ambako nusu ya safari ni foleni, ni chaguo zuri sana, maana ni haibridi, lina mota ya umeme pamoja na injini ya petroli, na mfumo wa umeme hufanya kazi zaidi kwenye kusimama na kuondoka. Kwa anayekimbia 90 muda wote faida inapungua. Kabla ya kununua, pima betri kubwa kwa mashine na ufungue tundu la hewa lililo kando ya siti ya nyuma: likiziba kwa vumbi, betri inapikika. Ukinunua, lisafishwe kila miezi sita.

*

Tumekubaliana bei, muuzaji anataka nimtumie hela leo kwa simu, kadi ananipa kesho. Nifanyeje?
*Msomaji, Tegeta*

Usitume hata shilingi. Kadi halisi iwe mezani, jina lake lilingane na kitambulisho cha muuzaji, na namba ya chasisi iliyo kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye bodi, herufi kwa herufi. Sugua namba hiyo kwa kidole: ikiwa na puti au alama za kuchomelea, ondoka. Anayesema kadi "iko kwa rafiki" huenda kaiweka rehani kwa mkopo.

Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa Jeshi la Polisi uone madeni ya tochi, maana yanajilimbikiza. Angalia na madeni ya maegesho. Hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Mkataba usainiwe mbele ya wakili, malipo yapite benki, na uhamisho wa umiliki uanze TRA mara moja mkiwa wote wawili na namba zenu za TIN. Gari likibaki kwa jina lake, faini zako zinaenda kwake na gari lako linaweza kukamatwa kwa madeni yake.

*

Naishi Chalinze, nina Premio ya cc 1,500 toleo la 2003. Natembea karibu kilomita 3,000 kwa mwezi. Nimestaafu lakini biashara yangu iko Ubungo. Sevisi nifanye lini na nini?
*Mzee, Chalinze*

Shikamoo mzee wetu. Fuata kilomita, uache kalenda, kwa sababu miezi mitatu kwako ni sawa na mwaka kwa wengine.

Oili ya injini ni lita 3.7 ikibadilishwa pamoja na filta, daraja la 5W-30. Ya kawaida ni kila kilomita 5,000. Ya sintetiki kamili watu hupeleka hadi 10,000. Kwa umri wa injini yako na vumbi la njia hiyo, ishia 7,000. Kati ya sevisi na sevisi pima kijiti kila Jumapili asubuhi kabla ya kuwasha. Injini ya umri huo kula oili kidogo si ajabu, na nyingi zinazokufa huko Chalinze zinakufa kwa kukimbizwa oili ikiwa chini bila mwenyewe kujua. Beba chupa ya lita moja ya oili hiyohiyo kwenye buti.

Filta ya hewa ikague kila 10,000. Oili ya giaboksi yako ni T-IV, badilisha kila 40,000, kwa kumwaga na kujaza. Plagi za iridiamu hufika 100,000, za kawaida 20,000. Maji ya breki kila miaka miwili hata kama yanaonekana safi, kwa sababu yananyonya unyevu wa hewa na kuchemka mapema ukishika breki kwa muda mrefu. Kila 10,000 fundi anyanyue gari atikise magurudumu yote manne kwa mkono, juu na chini kisha kushoto na kulia, apate beringi na bojointi zilizolegea kabla hazijakuachia barabarani.

Matairi, mzee, ndiyo tunayokuomba uyape pesa kwanza. Pembeni kuna alama ya DOT yenye tarakimu nne mwishoni: 2419 ni wiki ya 24 ya mwaka 2019. Likishapita miaka sita litoe hata kama meno yanaonekana, hasa lililokaa juani, kwa sababu mpira unakauka kwa ndani na kwenye kasi utando wa juu unabanduka. Meno yakibaki milimita tatu usisubiri masika. Upepo pima asubuhi yakiwa ya baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pungufu ni hatari kuliko zidi: ukuta wa tairi unajikunja kila mzunguko, joto linapanda, tairi linapasuka. Zungusha ya mbele na nyuma kila 10,000. Na pesa ikitosha mawili tu, mapya yafungwe nyuma. Mafundi wengi watakwambia mbele, kwa kuwa ndiko kwenye injini, lakini kwenye maji ya mvua nyuma ikiteleza gari linazunguka na huna la kufanya, mbele ikiteleza unaachia mafuta na linarudi.